Pijo Mbili Nyeupe za Chaani

Dishon Kiponda wa Chaani, Mombasa, karani mstaafu wa ghala la majani chai, mzee wa kanisa na baba wa mtoto mmoja, alikuwa na Pijo 504 nyeupe aliyoizungumzia kuliko kazi yake, kuliko kanisa lake na, Mungu amsamehe, kuliko huyo mtoto. Ukimwamkia tu, kabla hajamaliza kuitikia marahaba, umeshaambiwa kwamba gari lilitoka kiwandani mwaka wa themanini na tatu, kwamba injini yake haina mfano, na kwamba kwa miaka thelathini halijachemka hata siku moja. Hilo neno "halijachemka" alilitamka taratibu, akilimumunya, macho yakiwa ng'ambo ya njia.

Ng'ambo ya njia ndiko alikokaa Oduor.

Oduor naye alikuwa na Pijo 504 nyeupe, ya mwaka ule ule. Ukizikuta zimeegeshwa zinatazamana, ungedhani ni moja na kioo. Tofauti ilikuwa kwenye namba, KVB 316 kwa Kiponda na KUZ 902 kwa Oduor, na kwenye tabia. Ya Oduor ilichemka. Ilichemka ikipanda mwinuko wa Kibarani, ilichemka kwenye msongamano wa malori pale Magongo, na mwaka mmoja ilichemka imesimama tu mlangoni pa kanisa, bibi harusi yumo ndani. Na huyu Oduor hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa fundi wa mitambo bandarini, mtu aliyekuwa akitafutwa kreni zikigoma. Lakini gari lake mwenyewe lilitembea na dumu la maji la lita ishirini kwenye buti, na kila asubuhi alimimina maji kwenye redieta mbele ya watu bila haya.

Kiponda hakumpa hata nafasi ya kupumua.

"Oduor, ndugu yangu, hilo ni gari au birika?"

Au: "Nasikia kwako mkipata wageni mama hawashi jiko. Anafungua boneti tu, chai tayari."

Au, akiwa na wasikilizaji: "Fundi wa bandari nzima huyu! Kreni anaziweza, redieta imemshinda!"

Oduor, mtu mrefu mwenye kicheko cha kifuani, alikuwa akifunga kifuniko cha redieta na kufuta mikono kwa tambara. "Cheka tu, Kiponda," alikuwa akisema. "Cheka sana. Siku yako inakuja." Kiponda aliona hayo ni maneno ya mtu aliyeishiwa na maneno. Aliingia ndani akanywa chai yake kwa furaha.

Basi Cindy, bintiye, alipomsomea kwenye simu kwamba kuna chama cha wenye magari ya zamani, na kwamba wakati wa Pasaka magari hayo yataandamana kuuzunguka mji mzima, Kiponda alisimama kabla hajasikia mwisho. Kulikuwa na sharti moja tu: gari liwe na karatasi safi. Zile logibuku za zamani, hati za umiliki zilizopigwa kwa taipureta, zilikuwa hazitoshi tena. Lazima gari likaguliwe, liingizwe mtandaoni, lipewe logibuku mpya.

"Ni jambo dogo, baba," alisema Cindy, ambaye hufanya kazi katika ofisi ya wasafirishaji mizigo na karatasi hazimtishi. "Wanatazama namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye chuma, wanalinganisha na logibuku, basi."

"Walinganishe," alisema Kiponda. "Walinganishe mpaka wachoke!"

Wiki ile aliliosha gari mara tatu. Bampa alizisugua kwa dawa ya meno, ya bei, mpaka Pascalia mkewe akaificha. Logibuku aliitoa ndani ya Biblia kubwa, ilikokaa miaka yote ikiwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Alhamisi asubuhi akavaa suti yake ya meza ya Bwana, akamketisha Cindy kando yake, akatoka langoni akipiga honi ingawa njia ilikuwa nyeupe.

Oduor alikuwa nje na dumu lake, kama kawaida.

"Nakwenda kuandikishwa rasmi!" Kiponda alimpigia kelele dirishani. "Gari la kihistoria hili! La kwako wakilikagua watakupa leseni ya hoteli!"

Oduor aliacha kumimina. Alimtazama Kiponda, kisha akamtazama Cindy, ambaye alimwamkia, naye akaitikia. "Wanaangalia chesisi?" aliuliza.

"Chesisi, injini, kila kitu!"

"Haya," alisema Oduor. "Endeni salama." Hakucheka, na Kiponda akaona kwamba wivu umemkaba jirani yake mpaka kicheko kimekatika.

Ili uielewe raha ya mtu huyu ni lazima ujue habari ya muujiza. Chaani nzima inaijua, maana aliitangaza mwenyewe.

Hapo zamani gari la Kiponda ndilo lililokuwa likichemka. Alimpa fundi mmoja wa kando ya barabara alishughulikie, fundi akaikaza ovyo mpaka kichwa cha injini kikaingia ufa, na tangu siku hiyo likawa gari la aibu. Tena halikuwa jambo la kuchekesha wakati ule. Pascalia alikuwa ameshaharibikiwa na mimba moja. Ya pili ilifika mwezi wa saba, uchungu ukamshika mchana ghafla, na gari likachemka Makupa katikati ya foleni. Walipofika hospitali walikuwa wamechelewa. Kiponda hakulitukana gari, lakini kwa muda mrefu aliacha kuliosha.

Ndipo ikaja harusi ya mwalimu wa kwaya, Januari ya mwaka wa tisini na nne. Bibi harusi alitaka magari mawili meupe. Pijo ya Kiponda ilikuwa ya buluu na ya Oduor ya kijani, kwa hiyo zote mbili zikapelekwa kwa Tinga, fundi wa rangi wa Mikindani, mtu aliyesifika kwa kupaka vizuri na kuchanganya kila kitu kingine. Tinga alivua kila kinachovulika: viti, milango, taa, vioo, namba. Pascalia wakati huo alikuwa mjamzito mara ya tatu. Kina mama wa kanisa, walioijua habari ya Makupa, walifunga safari mpaka uani kwa Tinga wakaliombea gari likiwa bado limevikwa magazeti.

Lilipotoka pale halikuchemka tena. Kiponda alipanda Kibarani na wanakwaya wanane ndani, mshale wa joto umelala chini kabisa, akapiga kelele mpaka wanakwaya wakadhani breki zimekatika. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda huku machozi yakimtiririka. Mwezi wa Mei gari lilimfikisha Pascalia hospitali kabla hajamaliza kuuliza wamefika wapi, na Cindy akazaliwa analia kwa nguvu zote. Wiki iliyofuata Kiponda alimwita mchoraji akaandika kwenye buti, kwa herufi nyekundu: MUUJIZA.

Na kwa bahati mbaya, wiki ile ile ya harusi, gari la Oduor lilianza kuchemka. Watu waliona ni mambo ya dunia.

Kwenye kituo cha ukaguzi, kule kisiwani, walipokewa na afisa mwanamke aliyeitwa Winfred, ovaroli ya buluu, tochi mkononi, hana haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndilo hili. Halijachemka tangu mwaka wa tisini na..."

"Fungua boneti, mzee."

Namba ya chesisi ilikuwa imezama chini ya rangi ya Tinga. Winfred aliifuta kwa tambara lenye thina ya kuyeyusha rangi, akaikwangua kidogo, akaiwekea karatasi nyembamba juu na kuisugua kwa penseli. Tarakimu zikaanza kujitokeza moja moja, nyeupe kwenye weusi wa penseli. Kiponda alisimama amekunja mikono kifuani, anaona raha tele. Akamwambia Cindy apige picha.

Winfred aliilinganisha karatasi na logibuku. Akailinganisha tena. Kisha akampa Kiponda zote mbili asome mwenyewe.

Kiponda alisoma. Logibuku iliishia na arobaini na moja, karatasi iliishia na themanini na nane.

"Penseli imekosea," alisema.

"Penseli, mzee?"

Winfred aliingia kibandani akaipiga ile namba kwenye kompyuta. Alirudi akitazama gari, si watu. "Namba hii ipo kwenye kumbukumbu za zamani. Ni ya KUZ 902."

Kiponda aliijua KUZ 902 kuliko namba yake ya simu. Alikuwa akiiona kila asubuhi ya maisha yake, na dumu la maji kando yake.

"Mwenyewe ni nani?" Cindy aliuliza, ingawa uso wake ulikuwa umeshajibu.

"Oduor, Josiah. Wa Chaani."

Hapo kicheko kilimtoka Kiponda bila ruhusa. Si kicheko cha furaha wala cha huzuni, kilitoka tu, kikamkunja, akashika bampa aliyoisugua kwa dawa ya meno akacheka mpaka tai ikamzunguka shingoni.

"Mzee, hili si la kucheka," alisema Winfred. "Gari lenye chesisi ya mtu mwingine tunalizuia. Sheria inalitazama kama la wizi."

"Wizi! Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa!"

"Ndiyo, mzee. Kompyuta haina sehemu ya kuandika hilo."

Cindy alimbembeleza kwa adabu zote alizofunzwa nyumbani, akaeleza hili na lile, na mwishowe Winfred akakubali: siku saba. Waje na gari la pili, waje na huyo Oduor, kila mtu aandike maelezo yake, namba zirudi kwenye magari zinakostahili. Siku ya nane, gari lingezuiwa.

Njiani kurudi Cindy ndiye aliyeling'amua jambo lenyewe. "Baba, Tinga alivua mpaka viti?"

"Mpaka viti. Mpaka vishikio vya milango."

"Basi ndiyo hiyo. Aliyapaka yote mawili meupe, kisha akachukua viti vyako, usukani wako na namba zako, akavifunga kwenye gari la anko Oduor. Ulipokaa ukaona ni kwako."

Kiponda alitazama dashibodi. Walikuwa wakipanda Kibarani, mshale wa joto umelala chini kabisa. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini hakuufurahia. Kama Cindy alisema kweli, basi Mungu hakuliponya gari lolote. Lile bovu lilibaki bovu vile vile, na ndilo ambalo yeye mwenyewe, Dishon Kiponda, amekuwa akilitukana kila asubuhi kutoka ng'ambo ya njia. Amemcheka mtu miaka thelathini kwa gari lake mwenyewe! Akaanza kucheka tena, Cindy akamwomba aegeshe.

Pascalia alikuwa akikuna nazi walipomweleza. Aliacha mbuzi, akajifuta mikono, akacheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka. "Na sisi tuliokwenda kwa Tinga!" alisema alipopata pumzi. "Kumbe tuliliombea lipi?" Kisha akaketi vizuri, akawa mke wa mzee wa kanisa. "Baba Cindy, kampe mtu gari lake."

"Nitampa, nitampa. Kwani kuna haraka gani?"

"Siku saba."

Ukweli ni kwamba Kiponda aliogopa, na aliogopa mambo mawili. La kwanza ni kulikosa lile gari. Alilipenda, na kulipenda kwake hakukubadilika kwa sababu ya karatasi yenye penseli. La pili, ambalo lilimkosesha hamu ya chakula, ni kicheko cha Oduor. Aliwaza mtu yule mrefu akisimama katikati ya njia, amejishika mbavu, akiwasimulia watu wa Chaani, wa Magongo, wa Changamwe yote. Hakuona atakavyoishi baada ya hapo. Ijumaa hakutoka nje kabisa. Alichungulia pazia, akamwona Oduor akimimina maji, na moyo ukamuuma kwa kuwa sasa alijua ni redieta ya nani.

Jumamosi akapata akili. Akili yenyewe ilimfurahisha kiasi kwamba hakushauriana na mkewe, jambo ambalo lingemwokoa. Alichukua logibuku, akavuka njia, akamkuta Oduor barazani na kikombe cha uji.

"Oduor, ndugu yangu. Tumekuwa majirani miaka mingapi?"

"Arobaini hivi."

"Arobaini! Na hatujawahi kupeana kitu cha ukumbusho."

"Ulinipatia jogoo."

"Jogoo aliliwa, bwana. Nasema kitu cha kudumu. Unawaona wachezaji mpira? Mechi ikiisha hubadilishana jezi. Nikasema, mimi na Oduor tumeshazeeka, mechi yetu inakwisha. Mbona tusibadilishane logibuku?"

Oduor aliweka kikombe chini polepole. "Logibuku."

"Logibuku tu! Na namba kidogo, maana namba hufuata logibuku. Magari kila mtu abaki na lake."

"Kwa upendo."

"Kwa upendo, haki ya Mungu!"

"Na hii upendo imekushika lini, Kiponda?"

"Alhamisi," alisema Kiponda, na hapo akakwama. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini uongo hakuumudu zaidi ya sentensi mbili, na hizo alikuwa ameshazimaliza. Alikaa kwenye ngazi, suruali nzuri juu ya vumbi, akayamwaga yote: penseli, themanini na nane, Tinga, viti, siku saba. "Gari ninaloliendesha ni lako," alimaliza. "Hili la kuchemka ni langu. Nimekutania miaka thelathini kwa ubovu wangu mwenyewe. Sasa nicheke. Anza. Nimekuja mwenyewe."

Alifumba macho akingoja. Kicheko hakikuja. Alipofumbua, aliona kiganja kipana cha fundi kimenyooshwa mbele ya pua yake.

"Lete ufunguo," alisema Oduor.

Hivyo tu. Hakushangaa, hakuuliza swali hata moja. Kiponda aliuchomoa ufunguo mfukoni, na mkono wake ulipouachia alihisi machozi yanamlenga. Oduor alivuka njia kwa hatua ndefu, akaingia kwenye Pijo, akaiwasha, akainamisha kichwa akaisikiliza injini kwa muda kama mtu anayesikiliza sauti ya nduguye kwenye simu. Kisha mzee yule wa miaka sabini na miwili akapiga ukelele, akapiga honi, akaondoka kwa vumbi. Alizunguka mtaa mara tatu. Kila alipopita mbele ya Kiponda alitoa mkono dirishani akipunga, na maandishi mekundu ya MUUJIZA yakipotea kwenye kona. Watu walitoka milangoni. Mara ya tatu Pascalia alikuwa amekaa kiti cha mbele, akipunga naye, na Kiponda, aliyekuwa analia hasa, akajikuta anacheka.

Jumatatu walikwenda kituoni wote. Winfred alisugua penseli yake mara mbili, akayasoma maelezo ya wazee hao, akasoma tena ya Kiponda kwa kuwa yalikuwa kurasa nne na sehemu kubwa ilihusu kwaya. Namba zikafunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa pale pale. Cindy alibonyeza yanayobonyezwa kwenye simu ili magari yaingie mtandaoni, kwanza la babake, kisha la Oduor. Mwishowe Winfred akapiga mihuri, akawaambia kwamba sasa wote wawili si wezi, na kwamba amekuwa kazini miaka tisa lakini hajapata kuona jambo kama hilo. Kiponda alimshukuru kana kwamba amesifiwa.

Kurudi, kila mtu alipanda lake. Kiponda alikuwa ndani ya KVB 316 ya haki, gari lililokuwa buluu zamani, gari alilolinunua akiwa kijana na lililomchelewesha Makupa. Cindy alitangaza kwamba yeye atapanda na anko Oduor, kwa usalama.

Nusu ya mpando wa Kibarani mshale uliinuka. Kiponda aliuona ukipanda, akausemesha, akauomba, akauimbia hata pambio. Haukusikia. Mvuke ukatoka pande zote za boneti, naye akaliegesha gari kando ya barabara, malori ya makontena yakimpita yakitetemesha vioo.

Oduor aliegesha nyuma yake. Alishuka na dumu, akalisimamisha chini, akanyoosha mikono miwili kama mwenyeji wa karamu.

"Karibuni chai!" alipaza sauti kwa madereva wa malori. "Karani ameweka birika! Ana leseni ya hoteli!" Akamgeukia Kiponda. "Mama Cindy asiwashe jiko leo, umwambie. Na kama redieta imekushinda, kuna fundi mmoja bandarini, lakini nasikia anaweza kreni tu."

Alikuwa nayo yote. Miaka thelathini ya matani, hakuna hata moja lililopotea, na aliyarudisha moja baada ya jingine, mengine kwa sauti ya Kiponda mwenyewe, mpaka Kiponda akakaa chini kwenye nyasi, mbavu zinamuuma, anamwomba kwa mkono anyamaze. Dereva mmoja wa lori alisimama kuuliza mzee amepatwa na nini.

Walipotulia, Oduor aliketi juu ya dumu kungoja injini ipoe. Kiponda alijifuta macho. Jambo moja lilikuwa likimsumbua tangu Jumamosi.

"Oduor. Nilipokwambia, hukushtuka."

"Nilishtuka."

"Hukushtuka, bwana. Ulidai ufunguo."

Oduor alikwangua tope kwenye kiatu. "Kiponda, mimi nimesikiliza injini tangu niko kijana. Nilipowasha gari pale kwa Tinga, kabla sijatoka kwa uwanja yake nilijua hii si yangu."

"Mwaka wa tisini na nne?"

"Siku hiyo hiyo. Nikasema wacha harusi iishe, tutabadilishana. Jumapili nikakuja kwa kanisa yenu nikungoje hapo nje. Nikasikia sauti yako kwa dirisha. Umesimama unalia, unashukuru Mungu kwa gari. Na Mama Cindy nikamwona kwa mlango, ameshika tumbo. Nikakumbuka ile siku ya Makupa. Nikasema nikichukua gari yangu leo, huyu mama atapelekwa hospitali na nini? Nikarudi nyumbani. Nikasema mtoto azaliwe kwanza."

"Akazaliwa."

"Akazaliwa. Nikasema basi amalize sindano za kliniki. Halafu wewe ukaanza matani, nikakasirika. Nikasema huyu simwambii, wacha aendelee kucheka gari yake." Kicheko cha kifuani kilimtoka kidogo. "Nilikuwa nikulie timing, nikingoja siku moja uko mgonjwa kidogo, nikwambie ukiwa kitandani. Lakini wewe huguswi na hata homa. Miaka ikaenda."

"Miaka thelathini, Oduor! Si ungeweka hata injini nyingine? Wewe ni fundi!"

"Injini ya nani?" alisema Oduor. "Ilikuwa yako. Ningetoa aje injini ya mtu bila kumuuliza? Nilikuwa naongeza maji tu."

Kiponda alikumbuka asubuhi zote zile, tambara, kifuniko cha redieta, na yeye mwenyewe amesimama ng'ambo na kikombe mkononi anatafuta jambo la kuchekesha. Aibu ilimjaa, na upendo ukamjaa zaidi ya aibu.

Cindy alikuwa ameshuka. Alikuwa amesimama nyuma yao na viatu vyake vya ofisi kwenye changarawe, na hakuna aliyejua amefika hapo tangu lini.

"Sasa mbona juzi," Kiponda aliuliza, "mbona juzi uliutaka ufunguo pale pale?"

Oduor alimtazama Cindy, mwanamke mzima, simu mkononi, anayeendesha ofisi ya watu.

"Si mtoto amekua," alisema.

Kiponda alimshika mkono, akaushikilia, akalia wazi wazi mbele ya malori ya Mombasa yote. Cindy alichukua lile dumu, akalibeba mpaka mbele ya gari la babake, akasimama pale kungoja injini ipoe.